Kuandaa kitalu nyumba cha uani kabla ya mvua, Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kitalu nyumba kimoja tu, mita 4 kwa 6, nyuma ya jiko, Mikindani. Nguzo za mianzi, nailoni juu, neti pembeni. Tangu watu waanze kukiona kutoka barabarani hodi haziishi, na maswali ni yale yale, hasa kuanzia Septemba mabibo yanapoanza kuiva. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, angalau nami nipate muda wa kumwagilia.

Nimeona video za Ulaya wanaandaa kitalu nyumba kwa majira ya kuchipua. Kwetu majira hayo ni lini?

Kwetu hayapo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kule maandalizi ni Februari na Machi. Mkulima anasugua vioo mwanga uingie, anaziba nyufa baridi isipenye, wengine wanawasha hita, maana usiku jalidi bado inaanguka. Kila anachokifanya ni kukusanya joto. Sisi joto tunalo la kugawa. Ukimfuata hatua kwa hatua utakuwa umejenga tanuri la mkate, si kitalu.

Msimu wetu wa kuanza upya ni mvua. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja: zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili, mwaka mwingine zinasogea hadi Mei. Kwa hiyo maandalizi ni Septemba mpaka Novemba, jua likiwa kali na ardhi kavu. Kazi ya kitalu ni kuzuia mvua isipige majani, kupunguza jua, na kuwafungia wadudu nje. Joto litakuja lenyewe bila kualikwa.

Sasa kwa nini nihangaike na kitalu wakati wa mvua? Si ndipo kila kitu kinapoota chenyewe?

Kinaota, ila nyanya hazimo. Majani yakilowa kila siku, ugonjwa wa bakajani unaingia, na ndani ya wiki shamba linaonekana kama limeunguzwa na moto. Wenzetu wa mabondeni wanapanda mvua zikiisha, wanatumia unyevu uliobaki, ndiyo maana kiangazi nyanya zinakuwa tele sokoni. Kuanzia Februari hali inageuka, fungu linapungua ukubwa huku bei ikipanda, na nyingi zinaletwa na malori kutoka mbali. Kitalu chako kinalenga miezi hiyo.

Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya kunde usiviingize ndani. Hivyo wakati wa mvua vinajiotea nje. Nimewahi kuona kitalu kizima kimejaa matembele. Mwenyewe alikuwa na furaha, nikanyamaza.

Ratiba ikoje?

Septemba, ng'oa kila kilichobaki humo, mizizi na magugu ya pembeni pia. Usiache mche mmoja wa nyanya "unaobeba bado", maana huo ndio hoteli ya wadudu. Oktoba mwanzoni, osha nailoni na neti. Katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Novemba ni zamu ya udongo. Mbegu zinasiwa katikati ya Novemba, mahali pengine penye kivuli chepesi, kwenye trei au vikopo. Miche ya nyanya inachukua wiki nne hadi tano, kwa hiyo unapandikiza katikati au mwishoni mwa Desemba, na tunda la kwanza unalitegemea Machi, kutegemea aina ya mbegu.

Mbegu nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukikamua za nyanya uliyokula jana, na kumbe ilikuwa chotara, watoto wake watatoka kila mmoja na sura yake.

Nailoni yangu ina miaka miwili. Nitajuaje kama itavuka msimu?

Nenda sehemu inayogusana na nguzo, juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo inapochakaa mwanzo. Ishike kwa vidole viwili uivute taratibu. Nzima inanyumbuka na kurudi. Iliyokwisha inafanya mlio mkavu na kuchanika mstari mmoja kama ganda la kitunguu. Mwaka wangu wa pili nilifanya jaribio hili nikakuta upande wa barabarani umekwisha na upande wa ukutani bado mzima, nikashangaa: nailoni moja, siku moja, duka moja.

Sababu ilikuwa salfa. Kuanzia mikorosho inapochanua, Juni hivi mpaka Septemba, tunapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Alfajiri upepo ukitulia mashine zinanguruma kila upande, na lile vumbi la manjano linatua popote: kwenye mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kitalu chako. Nailoni ya vitalu huchanganywa na kemikali ya kuikinga na jua, na salfa huidhoofisha kemikali hiyo. Ndiyo maana nailoni inayouzwa kama ya miaka mitatu au minne, kwetu inaweza isifike. Muuzaji hakukudanganya, hakujua tu kwamba jirani yako ana mikorosho.

Kwa hiyo osha mara mbili. Mara ya kwanza katikati ya msimu wa kupuliza, kwa maji matupu. Mara ya pili wote wakishamaliza, kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini kilichofungwa kwenye mwanzi mrefu. Usitumie ufagio mgumu. Klorini nayo, ile ya maji ya kufulia nguo nyeupe, usiisugue kwenye nailoni, maana inaiharibu vilevile. Klorini ni ya trei, visu na vikopo: sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, loweka nusu saa, suuza.

Ukinunua mpya, tafuta ya maikroni 200 iliyokingwa na jua. Ile nyeupe ya kufunikia mizigo, hata ikiwa nene, haimalizi mwaka. Na kama umejenga kwa bomba za chuma, sehemu zinazogusana na nailoni zipake rangi nyeupe, kwa sababu chuma kikipata moto kinaiunguza polepole.

Mchana ndani hakukaliki. Mimi mwenyewe natoka jasho, sembuse nyanya!

Umepima vizuri kuliko unavyodhani. Nyanya inastarehe kati ya nyuzi 21 na 27. Ikizidi 32 au 35, chavua inaharibika na maua yanadondoka, na zaidi ya 30 tunda linashindwa kupata wekundu wake, linabaki na rangi ya chungwa. Nunua kipimajoto, kitundike kwenye kivuli ndani ya kitalu, usawa wa maua. Kisome saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi. Changu mwaka wa kwanza kilisoma 41 saa saba. Nilikuwa nimefunga neti nene pande zote na mlango nimeuziba kwa gunia, najiona hodari.

Dawa ya kwanza ni urefu. Kitalu kifupi kinaoka mimea. Paa lipande mita 3 au zaidi katikati, na juu kabisa liache mwanya wa kutolea hewa ya moto, upande usiopigwa na upepo. Pembeni kote iwe neti, nailoni ibaki juu tu, na pazia la kushusha kwa siku ya mvua ya upepo.

Dawa ya pili ni kivuli. Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 35 inatosha nyanya na hoho. Ya 50 ni ya miche na mboga za majani. Ukifunika nyanya kwa hiyo ya 50, zitarefuka kutafuta mwanga na kuzaa kidogo. Ifunge kwa namna ya kuivuta na kuirudisha. Januari likitanda wingu siku nne mfululizo, iondoe.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi haviwezi kukwambia. Mtwara na Lindi tuko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 20 Oktoba na tena kama 22 Februari. Katikati ya tarehe hizo, jua la saa sita limeegemea kusini. Miezi mingine yote limeegemea kaskazini, na Juni limeegemea sana. Mtu anayejenga Julai anaona jua linapigia kaskazini, anaweka neti upande huo, kisha Desemba anashangaa mstari wa kusini umeungua. Kama neti haitoshi kote, kwa msimu huu anza na juu na kusini.

Wa Newala na sehemu nyingine za uwanda wa Makonde mna nafuu, kule juu kuna ubaridi. Neti nyembamba inawatosha.

Shikamoo mama. Kusi kikivuma kinabeba kila kitu. Kitalu kitasimama kweli?

Marahaba. Kusi kinakisumbua kitalu kilichokaa kama tanga. Kiwe na pande zilizo wazi kwa neti, upepo upite. Nguzo za pembeni zizame ardhini sentimita 60, na kila kona iwe na waya uliokazwa kwenye kigingi. Nailoni usiipigilie misumari mitupu, itachanika pale pale kwenye tundu. Weka ufito juu yake ndipo upigilie. Au ifunge kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za pikipiki, maana ile inanyumbuka.

Msimu wa mvua upepo unageuka kuwa kaskazi, na mwisho wa msimu ndipo vimbunga vinapotajwa. Aprili 2019 Kenneth ilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mei 2024 Hidaya ilileta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Na Lindi ilishapigwa Aprili 1952. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, vua nailoni uikunje uiweke ndani. Nyanya zitalowa siku mbili. Nailoni ikibaki juu, itaondoka na mianzi yote, na huenda na bati la jirani.

Mchwa wamekula nguzo. Nitumie boriti za mikoko?

Hapana. Mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali, na ndiyo mazalia ya kamba na samaki tunaowala. Choma ncha ya mwanzi itakayozama mpaka iwe mkaa kwa nje, halafu isimamishe ndani ya bomba la plastiki lililojazwa zege. Oili chafu inafukuza mchwa, ni kweli, lakini mazao ya udongo ule utayala wewe.

Udongo wangu ni mchanga mtupu. Maji yanapita kama kwenye chujio.

Ndio udongo wetu huo. Kwa kila mita moja ya mraba changanya debe moja la samadi ya mbuzi au ng'ombe, au nusu debe kama ni ya kuku, iliyokaa miezi miwili mitatu mpaka haina moto wala harufu kali. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Mbolea ya dukani weka kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Ukiweka yote siku moja, kwenye mchanga itazama na maji.

Juu tandaza maganda ya karanga au nyasi kavu. Makumbi ya nazi yaliyopondwa yanashika maji vizuri mno, ila uliza yametoka wapi. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mwaga, rudia mara tatu.

Mwaka jana nyanya zilinyauka zote zikiwa bado kijani. Nilizidisha maji, zikafa haraka zaidi. Ni nini?

Nadhani ni mnyauko bakteria, na kuna njia ya kuuthibitisha jikoni. Kata shina la mche unaonyauka, karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Chukua glasi ya maji safi, kining'inize kipande kile ncha ya chini iguse maji, usitikise. Kaa nacho dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama moshi au kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, ndiyo yenyewe. Mara ya kwanza nilipouona ule uzi nilikaa chini. Ni kitu kizuri kukitazama, na ni habari mbaya kabisa.

Mche ulioshikwa hauponi kwa dawa. Ung'oe na udongo wake, uuchome mbali na kitalu. Jembe lioshe. Pale usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, hoho wala viazi mviringo. Kama kitalu chote kimeshikwa, panda kwenye ndoo au viroba vilivyojazwa udongo wa mahali pengine, uvipandishe juu ya matofali visigusane na ardhi.

Ukiona mizizi ina vinundu vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo, na wao jua linawapunguza sana. Lima, changanya samadi, mwagilia mpaka udongo ulowe sentimita 30 kwenda chini, kisha funika kwa nailoni nyembamba inayoonyesha, si nyeusi. Fukia kingo zote kwa udongo. Ondoa neti ya kivuli, acha wiki nne hadi sita. Fanya hivyo kuanzia katikati ya Oktoba, jua likiwa utosini. Udongo wa juu utapata moto wa kuua mbegu za magugu, minyoo wengi na kuvu nyingi. Bakteria wa mnyauko wanapungua tu, kwa hiyo usijidanganye umemaliza.

Ukishafunua, usilime tena kwa kina. Utapandisha juu wale waliojificha chini.

Maji ya kisima yana chumvi. Yanafaa?

Inategemea kiasi. Chukua makopo mawili, udongo ule ule, panda maharage matano matano. Moja limwagilie maji ya kisima, jingine maji ya mvua au ya bomba. Maharage hayavumilii chumvi. Baada ya wiki mbili, la kisima likiwa na kingo za majani zilizoungua, au halikuota kabisa, maji hayo yachanganye nusu kwa nusu na ya mvua au ya bomba. Nyanya zinavumilia zaidi ya maharage, lakini chini ya paa hakuna mvua ya kuosha chumvi, inajikusanya. Ukiona ukoko mweupe juu ya tuta, mwagilia kwa wingi mara moja kwa maji baridi ishuke chini ya mizizi.

Paa lenyewe ni kisima. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kitalu changu cha mita za mraba 24, mvua ya milimita 10 ikinyesha, kinanipa karibu lita 240 kwa mfereji wa bati na pipa. Kina miche kama 45, na mche mkubwa unakunywa lita moja hadi mbili kwa siku, kwa hiyo ni maji ya siku tatu hadi tano. Februari mvua ikisimama wiki mbili, ndipo utakapoona thamani ya pipa la pili.

Mwagilia asubuhi, kiasi kile kile kila siku. Leo ndoo tano, kesho hakuna, keshokutwa mafuriko: huko ndiko kunakoleta kuoza kitako, lile doa jeusi chini ya tunda.

Naweza kutumia chandarua badala ya neti ya wadudu?

Chandarua lalia. Tundu lake linamzuia mbu, lakini inzi weupe anapita bila kuinama, na ndiye anayeleta virusi vya kukunja majani. Neti ya kitalu ni ya matundu 50 kwa inchi. Tundu likiwa dogo hivyo hewa nayo inapungua, basi rudi kwenye lile jibu la urefu na mwanya wa juu.

Kantangaze, yule kiwavi anayechimba majani na matunda ya nyanya, ameshaingia. Nipulize nini?

Kabla ya kupuliza, tazama mlango. Karibu kila mdudu aliyeingia kwangu aliingia na mimi. Weka milango miwili yenye nafasi ya kusimama katikati, wa kwanza ufungwe ndipo wa pili ufunguliwe. Shati la manjano usiingie nalo, linawaita inzi weupe. Majani yenye michirizi ya kantangaze yachume mapema, yatie kwenye mfuko mweusi, uufunge na kuuacha juani.

Kiuatilifu kikilazimu, kiwe kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, badilisha aina usirudie ile ile kila wiki, na hesabu siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna. Salfa ya mikorosho usiilete humo. Joto likizidi 32 inaunguza majani, na matango ndiyo ya kwanza kulalamika.

Maua mengi, matunda hakuna.

Kama si joto, ni upepo. Nje upepo unatikisa ua na chavua inaanguka, ndani kumetulia. Saa nne asubuhi pita ukigonga kamba zilizoshika miche, kidole kimoja kinatosha. Matango ni habari nyingine: yanahitaji nyuki, ambao umewafungia nje. Tafuta mbegu ya aina inayozaa bila kuchavushwa.

Kuku wamepita chini ya neti, wamekula miche yote. Nimechelewa?

Kama ni kabla ya katikati ya Januari, siwa tena leo hii. Utavuna mwishoni mwa Aprili, bado bei ipo. Ikishapita hapo acha nyanya, panda hoho kama utampata jirani mwenye miche iliyozidi. Na neti ifukie sentimita 20 ardhini, uweke mawe juu. Wangu waliingia kwa tundu ambalo mkono wangu haupiti.